Tulijaribu njia nne za kubuni kwa breki ya chukudu. Mnapimaje ipi imezaa wazo bora?

#1 MwalimuNdosho (mwanzisha uzi)

Habari zenu wote. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nafundisha michoro ya ufundi hapa Goma, na Jumamosi nashinda kwenye ateliye ya rafiki yangu seremala. Mvua za mwezi wa nne kijana mmoja aliteremka na chukudu yenye magunia ya viazi, breki ikakataa, akaingia kwenye meza ya mama anayeuza ndizi kando ya barabara. Hakufa mtu, lakini mama alivunjika mkono, na kijana alipoteza mzigo ambao haukuwa wake. Nilikuwepo. Tulipomaliza kuokota viazi niliinama nikaitazama ile breki. Kilikuwa kipande cha pine (tairi) kuukuu kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga, kinasugua. Upande unaosugua ulikuwa umeng'aa kama kioo, na juu yake kulikuwa na tope jembamba la lava. Nilipitisha kidole, kikateleza.

Kwa msio wa huku: chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kinasukumwa kwa mguu mmoja huku goti la pili limekaa juu ya ubao. Gurudumu ni la mbao, limevishwa mpira wa pine. Kinabeba mamia ya kilo, na mboga nyingi tunazokula mjini zimeteremka juu yake kutoka Kibumba na Rutshuru. Ndiyo maana pale kwenye mzunguko tumekisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu.

Basi nikaamua tusikimbilie kutengeneza breki mpya. Nilitaka kwanza kujua ni njia gani ya kubuni ingetupa wazo zuri zaidi. Nilikusanya watu 16, wanafunzi na mafundi vijana, nikawagawa meza nne. Swali lilikuwa moja kwa wote: buni breki ya chukudu inayoshika hata mvua ikinyesha. Muda ulikuwa saa moja na nusu kwa kila meza.

Meza ya kwanza ilifanya bunguabongo kama alivyoipanga Alex Osborn: sema lolote, usikosoe, jengea wazo la mwenzako, tafuta wingi. Meza ya pili ilifanya ile ya Bernd Rohrbach ya 1968, ya kuandika kimya na kupitisha karatasi. Yenyewe ni ya watu 6, mawazo 3 kila mmoja, dakika 5, kisha unampa jirani. Sisi tulikuwa wanne, kwa hiyo karatasi ilizunguka mara nne. Meza ya tatu ilichora jedwali la mofolojia, lile la Fritz Zwicky: unavunja chombo katika kazi zake, kila kazi unaipa njia kadhaa za kuitimiza, halafu unachagua moja kutoka kila mstari na kuziunganisha. Kazi nne walizoorodhesha zilipata njia 5, 4, 3 na 4, yaani michanganyiko 240 kwenye karatasi moja. Meza ya nne nikaipa ukinzani wa Genrich Altshuller: taja unachotaka kiongezeke, taja kinachoharibika kikiongezeka, kisha tafuta kanuni ya kuuvunja huo mgongano.

Jioni nilichora upya mawazo yote kwa mkono wangu, kwa kalamu moja, ili waamuzi wasijue lipi limetoka meza gani na wasivutwe na mchoro mzuri. Waamuzi walikuwa maseremala wawili na sudeur (fundi wa kuchomea chuma) mmoja. Kila wazo alama 1 hadi 5.

Meza ya kwanza ilishinda kwa wingi, mbali kabisa, karatasi 43 ukutani. Nilipozipanga mafungu, karibu zote zilikuwa kile kile kipande cha pine: kikubwa zaidi, chenye mikwaruzo, chenye misumari, kiwe cha mbele badala ya nyuma. Meza ya nne ilikuwa na mawazo sita tu. Wastani wa alama wa meza zote nne haukupishana sana.

Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi. Wazo moja la meza ya tatu, la kufungia pine zima nyuma kwa kamba na kuliburuta wakati wa kushuka, seremala mmoja alilipa 5 na sudeur akalipa 1. Niliwauliza. Seremala: halina gharama, pine kuukuu lipo kila mahali. Sudeur: hiyo si breki.

Maoni yangu ni kwamba jedwali la mofolojia limezaa kazi nzuri kuliko zote. Lakini alama hazinipi haki ya kusema hivyo. Nyinyi mnapimaje?

---

#2 Mhandisi_Mikocheni

Mkuu, heshima kwako. Kuchora upya mawazo yote kwa mkono mmoja ni hatua ambayo wengi wenye maabara hawaikumbuki.

Shida yako ya kwanza ni wastani. Wewe utajenga breki ngapi? Moja. Basi wastani wa mawazo 43 unakuhusu nini? Meza inaweza kuwa na mawazo 42 ya ovyo na moja la maana, ikashindwa kwa wastani na meza ambayo yote ni ya kati kati tu. Karan Girotra, Christian Terwiesch na Karl Ulrich waliliandikia jambo hili hili mwaka 2010: kinachotakiwa kupimwa ni ubora wa yale mawazo ya juu kabisa, pamoja na uwezo wa kikundi kuyatambua. Walilinganisha watu waliokaa pamoja muda wote na watu walioanza kila mmoja peke yake kisha wakakutana. Walioanza peke yao walitoa mengi zaidi, mazuri zaidi, na walikuwa bora katika kuyachagua. Halafu kujengea wazo la mwenzako, ambako Osborn alikuhimiza sana, hakukuonekana kuongeza ubora.

Na hilo la watu kukaa pamoja kupunguza mawazo si jipya. Mwaka 1958 pale Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block walilinganisha vikundi halisi na watu idadi ile ile waliofanya kazi kila mtu kivyake, kisha majibu yao yakajumlishwa. Waliokuwa kivyao walishinda. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe wakaonyesha sababu kubwa: mmoja akizungumza wengine wanasubiri zamu, na ukisubiri, wazo linapotea au unaliacha.

Lingine. Wakati meza zinafanya kazi, chukudu yenyewe ilikuwa wapi?

---

#3 MwalimuNdosho

Ilikuwa katikati ya uwanja, na breki yake. Niliiweka mimi ili waione vizuri.

---

#4 Mhandisi_Mikocheni

Basi ndiyo sababu ya zile karatasi za pine. David Jansson na Steven Smith walilifanyia majaribio, matokeo yakatoka 1991. Waliwapa wabunifu kazi ya kikombe kisichomwaga, wakawaambia waziwazi wasitumie mrija. Kundi moja lilionyeshwa mfano wenye mrija. Lile kundi likachora mirija. Walikuwa wanafunzi wa uhandisi, tena wameambiwa kwa maneno. Mfano ukishaingia machoni ni vigumu kuutoa.

Jedwali la mofolojia linasaidia hapo kwa kuwa linakulazimisha uache kusema "breki". Gerhard Pahl na Wolfgang Beitz, Wajerumani wale, ndio walilifanya hili kuwa hatua rasmi: kabla ya kutafuta majibu, andika kazi yenyewe kwa maneno yasiyotaja kifaa chochote. "Kupunguza mwendo wa mzigo unaoshuka." Aliyeandika hivyo anaweza kufika kwenye pine la kuburuta. Aliyeandika "breki" hafiki, na akiliona anakataa, kama sudeur wako.

---

#5 ChukuduKibumba

Muniruhusu niseme, mimi ndiye mutu wa chukudu, mwaka wa tisa sasa.

Mwalimu, sikuona mahali umeandika kama mwendesha chukudu alikuwa kwenye meza au kwa waamuzi. Seremala anaitengeneza, lakini haishushake.

Na mzigo mkubwa hatushuke tumekaa. Kwenye mteremko mkali tunashukaka kwa mguu. Unatembea pembeni, mkono moja kwa usukani, mwili unaulaza nyuma, na mwenzako akiwepo anavutaka kamba nyuma. Ile breki ya kukanyaga ni ya mteremko mdogo na mzigo mdogo. Sasa muliwauliza watu wabuni breki ya kukanyaga inayoshika kwa mvua, wakati kwa mvua mimi mguu wangu uko chini, unatafuta jiwe la kukanyaga. Hakuna mguu wa breki.

Tena ikishika ghafla ni mbaya kuliko ikikosa kushika. Gurudumu la nyuma likisimama kwa tope, nyuma inakimbia pembeni, mzigo unakuangukia. Yule kijana unayemsema, ukimuuliza, pengine alikanyaga sana.

Mimi ninachotaka ni kitu cha kuvuta kwa mkono, polepole, nikiwa pembeni, na kikae pale nilipokiacha nikisimama kupumzika. Sasa tunawekaka jiwe.

---

#6 MwalimuNdosho

Ndugu yangu wa Kibumba, aksanti sana. Nimesoma maneno yako mara tatu.

Nilimtafuta yule kijana leo mchana. Ni kama ulivyosema. Alikuwa amepanda, akaona mteremko unamzidi, akakanyaga kwa nguvu zote, nyuma ikaenda kushoto. Mimi niliona breki iliyong'aa nikadhani nimeona sababu. Mawazo yote ya meza nne, na alama zote, vimesimama juu ya swali nililoliandika mimi peke yangu bila kumuuliza mtu anayeshuka.

Kuna jambo linalonisumbua sasa kuhusu kulinganisha njia. Meza ya tatu, katika zile kazi nne walizoziorodhesha, moja ilikuwa "kushikilia chombo kikiwa kimesimama." Walilifikiria lile jiwe lako bila kulijua. Meza nyingine hazikulitaja hata mara moja, na waamuzi wangu hawakulipa alama yoyote kwa sababu swali halikuliuliza.

---

#7 Polytech_Lushi

Salamu kutoka Lubumbashi. Nimefuata uzi wote, nina mawili matatu, mengine makali. Mwalimu, usinichukie.

Kwanza jaribio lako haliwezi kulinganisha njia, kwa sababu kila njia ilikuwa na watu wake. Labda meza ya tatu ilikuwa na kijana mmoja mwenye kichwa kizuri, basi. Ukitaka kulinganisha, zungusha: matatizo manne madogo, kila meza inapitia njia zote nne kwa mpangilio tofauti. Hapo aliye hodari anakuwa hodari kwenye kila njia.

Pili, alama moja ya 1 hadi 5 inameza mambo mengi. Jami Shah na wenzake, Noe Vargas-Hernandez na Steve Smith, mwaka 2003 walipendekeza vipimo vinne vitenganishwe: wingi, utofauti wa mawazo ndani ya seti moja, upya wa wazo ukilinganisha na yanayotegemewa, na ubora, yaani kama linawezekana na linakaribia kutimiza masharti. Meza yako ya kwanza ingepata ya juu kwa wingi na ya chini kabisa kwa utofauti. Hilo uliliona mwenyewe ulipopanga mafungu. Ulilipima, ila hukuliandikia namba.

Tatu, ubora mwingine hauhitaji mwamuzi, unahitaji hesabu. Chukua mzigo na chombo, jumla kilo 300. Kila ukishuka mita 100 za kimo, uzito huo unaachia kilojuli karibu 294. Ni joto linalotosha kupasha lita 1 ya maji kutoka digrii 20 hadi 90. Sehemu yake inaliwa na barabara na ekseli, na inayobaki inatakiwa iende mahali. Kwenye breki ya kipande cha mpira inaishia kwenye uso mdogo kuliko kiganja, ndiyo maana umeng'aa. Kwenye pine la kuburuta inaenda barabarani. Sudeur aliyetoa 1 angefanya hesabu hii kwanza, naamini asingetoa 1.

Huku tulipata somo hilo kwa mbabula, yaani jiko la makala (makaa). Tulikuwa tunachagua umbo la mbabula inayokula makala kidogo, tukatumia jedwali la Stuart Pugh: unaweka mbabula ya kawaida ya sokoni kama kipimo, kila wazo jipya unaliandikia kujumlisha, kutoa, au sawa, kwa kila sharti. Wenzangu wakajumlisha alama wakatangaza mshindi. Mimi niliona alama za kutoa za mshindi zote zimekaa kwenye uzito na kusafisha majivu, na wazo la tatu lilikuwa na alama za kujumlisha hapo hapo. Tukachukua chini ya moja na juu ya nyingine. Iliyotoka haikuwa imependekezwa na mtu yeyote. Pugh mwenyewe alilitaka jedwali litumike hivyo: unapunguza, unaunganisha, unaongeza tena, unapunguza. Wengi wanalitumia kama karatasi ya kura.

---

#8 MamaBirere

Mwalimu, mimi ni mteja wa chukudu kila wiki, naletewa kabichi. Nauliza tu: kwenye masharti yenu kuna mahali pa bei? Kijana akinunua breki, nauli inapanda, na mimi ndiye nalipa. Na ikivunjika katikati ya njia, nani anaitengeneza pale? Kitu kisichotengenezeka kwa panga na misumari kitaachwa barabarani.

---

#9 FundiChuma_Katindo

Mimi ndiye sudeur niliyetoa 1. Nimeona nazungumziwa hapa, ni sawa.

Nilitoa 1 kwa sababu kwangu breki inakaa kwenye gurudumu. Baada ya kusoma ile hesabu ya ndugu wa Lushi, Jumatano nilichukua pine la gari dogo, nikatoboa tundu mbili ukingoni, nikapitisha kamba, nikaifunga kwenye mti wa nyuma wa chukudu ya jirani. Tuliweka magunia matatu ya mchanga. Kwenye lami inavuta vizuri, unasikia kabisa mkono unakuwa mwepesi. Kwenye barabara ya mawe ya lava pine linaruka, likaingia kati ya mawe mawili, chukudu ikasimama ghafla na gunia la juu likaja mbele. Kwa hiyo ile 1 yangu na ile 5 ya seremala zote zilikuwa za uongo. Sasa ningetoa 3, na nikiiona kwa mvua labda namba nyingine.

Ninachotaka kuwaambia wenye kulinganisha njia: nilitumia asubuhi moja na vitu vilivyokuwa chini ya meza. Kabla ya hapo nilihukumu mchoro. Kwenye mchoro pine haliruki.

---

#10 Polytech_Lushi

Fundi, hiyo asubuhi yako moja ni data bora kuliko kila kitu kilichoandikwa hapa, na yangu ikiwemo.

---

#11 MlimaKadutu

Bukavu hapa. Naona wote mnasifu jedwali la mofolojia na hakuna aliyeitetea meza ya nne. Sita tu, basi imesahaulika. Niacheni niitetee, kwa sababu hii njia naipenda toka moyoni.

Altshuller alizaliwa Tashkent 1926. Alifanya kazi Baku kwenye ofisi ya jeshi la maji inayopokea uvumbuzi, akasoma hataza (hati za haki ya uvumbuzi) moja baada ya nyingine akitafuta kinachofanana kati ya zile zenye akili. 1948 yeye na rafiki yake Rafael Shapiro walimwandikia Stalin barua kuhusu hali mbaya ya uvumbuzi nchini. Walikamatwa 1950, wakahukumiwa miaka 25. Alikuwa kambini Vorkuta, kaskazini kabisa, na aliachiwa baada ya Stalin kufa. Makala yao ya kwanza ilitoka 1956. Kanuni 40 na jedwali la sifa 39 kwa 39, linalokutanisha sifa unayotaka iongezeke na ile inayoharibika, vilijengwa taratibu baada ya hapo. Mtu aliyetoka kambini akaendelea na kazi ile ile iliyompeleka kambini, mimi nampa muda wangu.

Sasa rudini kwenye breki. Maneno ya ndugu wa Kibumba ni ukinzani mtupu: nataka ishike sana, na ikishika sana inaniangusha. Bunguabongo litakupa breki ya kati kati, inayoshika kiasi. Altshuller anakataza hiyo. Anauliza: vinaweza kutenganishwa kwa wakati? Kwa mahali? Ishike sana wakati gani? Wakati mzigo unakusukuma. Isishike wakati gani? Wakati hausukumi. Basi mzigo wenyewe uivute. Kanuni hiyo imo, ya kitu kujihudumia chenyewe. Magari yanayovuta trela yana breki ya aina hiyo: trela likimsukuma mvutaji, msukumo huo huo ndio unaobana breki zake.

Mwalimu, ile meza ya nne iliandika nini hasa? Naomba uyaweke hapa yote sita.

---

#12 MwalimuNdosho

Nimeyatoa kwenye bahasha. La nne kati ya sita, naliandika kama lilivyo: "Ubao wa mzigo uweze kuteleza kidogo mbele. Ukiteleza uvute kamba. Kamba ibane gurudumu." Na chini yake mchoro mdogo wa ubao juu ya vijiti viwili vya mviringo.

Waamuzi walilipa 2, 2 na 1. Mwandishi ni msichana wa mwaka wa tano, hakuzungumza siku nzima. Nilipomuuliza leo alisema aliona kaka yake akizuia mkokoteni kwa mgongo, akafikiri mgongo ufanywe na mzigo.

MlimaKadutu, usingeuliza, wazo hili lingebaki kwenye bahasha. Njia ilifanya kazi yake. Sisi waamuzi ndio hatukuwa na macho ya kulisoma. Mhandisi alitaja uwezo wa kikundi kutambua wazo zuri. Naona sasa hicho ni kipimo cha pekee, na sisi tulikipata sifuri.

---

#13 MwalimuNdosho

Wiki mbili baadaye. Tumerudia, na nimebadilisha karibu kila kitu.

Chukudu niliifungia stoo. Swali tuliliandika pamoja na ndugu wa Kibumba, alikuja mwenyewe na wenzake wawili, na halina neno breki: "Mtu anayetembea pembeni ateremshe kilo 300 bila kusukumwa nazo, mvua ikinyesha, na aweze kusimama bila kuweka jiwe." Masharti yaliandikwa kabla ya wazo lolote kuzaliwa, na la MamaBirere liko la pili: litengenezeke njiani kwa panga, misumari na kamba.

Dakika 20 za kwanza kila mtu peke yake, kimya. Mwanzo ulikuwa mgumu. Watu walizoea kelele, wakawa wanatazamana. Kisha kalamu zikaanza. Baada ya hapo meza zikaendelea na njia zao, na zimezungushwa kama alivyosema Polytech, ingawa nina matatizo mawili tu, si manne. La pili ni la kupandisha bidoni (madumu) za maji kutoka ziwani juu ya mawe ya lava. Nimelifungulia uzi wake.

Kuhusu njia, ninachoweza kusema kwa watu 16 na matatizo mawili ni hiki. Jedwali la mofolojia lilitoa utofauti mkubwa kwenye matatizo yote mawili, mikononi mwa meza tofauti, na ndilo pekee lililofanya watu wakumbuke kazi ambayo swali halikuitaja. Ukinzani ulitoa machache, na kila mara moja kati yake lilikuwa jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia; lakini kwenye bidoni meza moja ilikwama saa nzima ikibishana ni sifa ipi kati ya 39 inafanana na "mgongo kuuma". Kupitisha karatasi kuliwafaa wale wasiozungumza, na wako wengi. Bunguabongo la sauti, tulipoliweka baada ya kimya, lilifanya kazi nzuri ya kuchambua kuliko ya kuzaa. Darasani nitaanza na jedwali, kisha ukinzani kwa pale jedwali linapotoa majibu ya kati kati. Anayepinga apinge, nasoma.

Alama nimeziacha. Kila wazo linalopita masharti linatengenezwa kwa mbao za mabaki, hata bovu bovu. Yamepita matano. Ubao unaoteleza ni mmojawapo: FundiChuma aliutengeneza kwa vijiti vya mkaratusi, seremala akaongeza kigingi cha kuufunga ukifika tambarare. Kwenye uwanja, na magunia mawili, ulibana gurudumu taratibu, bila kushtuka. Yule msichana aliushika usukani mwenyewe. Hatujui bado mteremko wa kweli utasemaje, na vijiti vikilowa huenda vikavimba na kukwama.

Ndugu wa Kibumba, tunahitaji mteremko, tope, na mtu anayejua kuanguka vizuri.

---

#14 ChukuduKibumba

Muje Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajaanza. Usiku wa Ijumaa mvua inanyeshaka hapa karibu kila wiki. Mzigo tutaweka mchanga, si viazi.

Mulete kamba ya pili. Mara ya kwanza nitashuka na mwenzangu ameshika nyuma, mpaka niamini ubao. Na yule binti aje, nataka anionyeshe pale kaka yake alipokuwa anaweka mgongo.